Jipu baridi katika TB sugu ya uti wa mgongo

Jipu baridi ni usaha wa TB unaojikusanya bila joto wala wekundu wa jipu la kawaida. TB ikila pingili za kiuno, usaha huteremka ndani ya ala ya msuli unaotoka kiunoni hadi pajani, kisha huibuka kwenye kinena. Mgonjwa huenda hakohoi kabisa, na uvimbe wake ukadhaniwa ni ngiri.

TB huwa sugu kwa dawa nyingi vimelea vinapohimili dawa zake kuu mbili, rifampisini na isoniazidi. Kwa TB ya mapafu, makohozi yakiingizwa kwenye mashine ya kupima ya GeneXpert, usugu wa rifampisini hujulikana ndani ya saa 2 hivi. Mfupa hautoi makohozi. Sampuli hutolewa kwa sindano inayoongozwa na picha za CT au ultrasaundi, na vimelea vyake huwa vichache, kwa hiyo jibu la "hakuna TB" haliufuti ugonjwa. Halafu kuna kosa dogo lenye hasara kubwa: kipande chote kutumbukizwa kwenye formalini, kimiminika cha kuhifadhi vipande vya mwili. Formalini huua vimelea, na visipooteshwa maabara haijulikani ni dawa zipi bado zinafanya kazi. Kipande kigawanywe: kimoja formalini kwa ajili ya darubini, kingine chombo safi chenye matone ya saline (maji ya chumvi) kwa ajili ya kuotesha.

Usugu usipogunduliwa, mgonjwa humeza dawa za kawaida huku pingili zikiporomoka na nundu ikitokeza. Lakini jipu kukua katika wiki za mwanzo si ushahidi wa usugu. Hutokea pia kinga ya mwili inapoamka, hasa kwa aliyeanza ARV karibuni.

Tiba nayo ni ndefu. Mpango wa dawa nne wa miezi 6 uitwao BPaLM, ulioidhinishwa na WHO mwaka 2022, hauhusu TB ya mifupa, ya ubongo wala iliyosambaa mwilini. Tiba ndefu huchukua takriban miezi 18, mara nyingi dawa ya linezolidi ikiwemo, na linezolidi huharibu neva za miguu. Hapo ndipo pagumu: je, ganzi ni ya dawa au pingili zinabana neva? Ya dawa kwa kawaida huanzia vidoleni miguu yote miwili, ikapanda kama soksi. Miguu ikiishiwa nguvu au kukakamaa, au mkojo ukagoma, fikiria mbano kwanza: picha ya MRI siku hiyohiyo, na daktari wa upasuaji aitwe.