Roboti isome hisia zako? Kwanza ifunzwe kusita

Roboti haioni hisia. Inapokea pikseli za uso na mawimbi ya sauti, kisha inakisia. Mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake, walipopitia tafiti nyingi mwaka 2019, walikuta kuwa mtu mwenye hasira hukunja uso katika takriban asilimia 30 tu ya nyakati. Na wapo wanaokunja ndita kwa sababu wanafikiri, au jua linawachoma macho. Roboti inayotangaza "umekasirika" kila ikiona ndita itakosea mara nyingi, na anayesomwa vibaya huacha kuisikiliza.

Kwa uso, wengi huanza na FER2013, mkusanyo wa picha za kufunzia kompyuta: picha 35,887 zisizo na rangi, kila moja pikseli 48 kwa 48, makundi saba ya hisia. Furaha ina picha 8,989, kinyaa 547 tu. Modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa picha hizo, itakuwa hodari wa tabasamu na itabahatisha kwenye kinyaa, huku asilimia ya jumla ikikuficha hilo. Kagua makosa ya kila kundi peke yake. Mimi hupendelea kuachana na makundi kabisa na kutumia mihimili miwili aliyoieleza mwanasaikolojia James Russell mwaka 1980: raha hadi karaha, utulivu hadi msisimko. Roboti ya mapokezi haihitaji kujua zaidi ya hapo.

Mwanga ndio mchawi wa kwanza. Mtu akiwa na dirisha nyuma yake, kamera hupunguza mwanga wa picha nzima na uso mweusi hugeuka kivuli. Iambie kamera ipime mwanga ndani ya kisanduku cha uso, si kwenye fremu yote. Mchawi wa pili ni mdomo unaoongea: anayetamka "o" huonekana ameshangaa. Maikrofoni ikisikia mtu anaongea, punguza uzito wa sehemu ya mdomo na utegemee sauti na nyusi.

Usiamue kwa fremu moja, yaani picha moja ya video. Fremu 10 kwa sekunde zinatosha. Chukua wastani wa sekunde 2. Weka vizingiti viwili, kwa mfano kuingia kwenye hali mpya alama ya modeli (0 hadi 1) ikifika 0.7 na kutoka ikishuka chini ya 0.5, la sivyo roboti itabadilika badilika kama kinyonga. Tumia pia sekunde 30 za mwanzo, za salamu, kupima uso na sauti ya kawaida ya mtu huyo, kisha pima tofauti na hapo. Kuna watu ambao sura yao ya kila siku imenuna, na mtoto anayeinamisha macho akiamkia "shikamoo" hana huzuni yoyote.

Sauti irekodiwe kwa kilohezi 16, ikatwe vipande vya milisekunde 25 kila baada ya milisekunde 10, upate kimo cha sauti, nguvu na kasi ya maneno. Mota za shingo huingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo acha kuchambua shingo inapogeuka. Kwa wasemaji wetu kuna tatizo jingine: msonyo. Hauna mtetemo wa koo, kwa hiyo kichujio cha usemi huutupa kama kelele, ilhali mara nyingi ndiyo ishara kali kuliko zote kwenye mazungumzo hayo. Rekodi misonyo ya watu mbalimbali na uifunze kama kundi lake.

Majibu yanahitaji kazi kubwa kuliko utambuzi. Paro, roboti wa Kijapani mwenye umbo la sili aliyebuniwa na Takanori Shibata, hasomi uso wa mtu. Anahisi mguso, mwanga na sauti, na wazee humkumbatia. Usiiruhusu roboti iige hasira: ipunguze kasi ya mikono, ishushe sauti, iongeze kituo kati ya sentensi. Ikiwa na shaka iulize kuhusu kazi, si kuhusu moyo: "Nirudie maelezo?" Swali hilo hata likikosea halimuudhi mtu.

Picha zichakatwe ndani ya roboti yenyewe na zifutwe papo hapo. Zibaki namba mbili za mihimili, nazo zifutwe mazungumzo yakiisha. Kama roboti inakwenda Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 2 Februari 2025 ni marufuku kusoma hisia za watu kazini na shuleni kwa njia hizi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.