Mpingo ni mti gani hasa?

Siku hizi kila kitu cheusi ni mpingo. Fimbo ya mzee ni mpingo, fremu ya picha ni mpingo, na kinyago cha mwarobaini kilichosuguliwa kwa dawa ya viatu nacho ni mpingo, bei juu. Lililonifanya niandike haya ni tangazo la kitanda cha mpingo, futi sita kwa sita. Aliyewahi kuuona mti wenyewe porini atacheka. Mpingo ni mti mfupi, umejipindapinda, shina lina mifereji na mara nyingi moyo wake umeoza. Kupata kipande cha futi mbili kilichonyooka, kisicho na ufa, ni kazi. Ubao wa kitanda utautoa wapi?

Maana yake ni fupi. Mpingo ni mti wa jamii ya mikunde, kwa jina la kitaalamu *Dalbergia melanoxylon*, unaoota kwenye nyika na miombo ya Afrika kuanzia Senegal hadi Eritrea na kushuka mpaka kusini mwa bara. Kwetu unajulikana zaidi Lindi na Mtwara, na ndio mti wa taifa wa Tanzania. Hukua taratibu mno: miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo watu wanapopotelea. Kinachoitwa cheusi ni kiini tu. Ukikata mpingo utaona kwanza ukanda mwembamba wa nje, mweupe unaoelekea njano, kisha ghafla kiini cheusi. Na hicho kiini, kikiwa kibichi, mara nyingi ni zambarau iliyokolea au kahawia yenye michirizi. Wateja wengi wanataka mweusi tititi usio na doa, kwa hiyo wauzaji huwapa wanachotaka: hupaka rangi hata mpingo halisi. Wachongaji wa Kimakonde wanaojiheshimu huuacha ule weupe makusudi, ukawa ndevu au kilemba, na kumbe ndio ushahidi wako. Kigeuze kinyago, kwangua kidogo chini ya kitako. Kama ndani panatokea rangi ya ugali, umenunua dawa ya viatu. Uzito nao husaidia, kwa sababu mpingo huzama majini, ingawa miti mingine migumu huzama pia.

Halafu kuna wajuaji, ambao kwao "mpingo ni aina ya ebony", jina la Kiingereza la miti ya mbao nyeusi. Hawa ndio hunikera zaidi, kwa sababu wamekosea nusu na hawajui ni nusu ipi. Miti ambayo wataalamu wa mimea huiita ebony ni ya jamii nyingine kabisa, *Diospyros*: ile ya India na Sri Lanka, na ile ya misitu ya Kameruni na Gabon. Haina undugu wowote na mpingo. Ndugu wa mpingo ni miti ya rosewood, na ukitafuta mbali zaidi ni kunde na maharage.

Lakini jina ebony lenyewe limetoka wapi? Waingereza walilipata kwa Kilatini, Kilatini kikalipata kwa Wagiriki, nao Wagiriki kwa Wamisri wa kale, walioandika *hbny*. Waarabu wana *abnus*, nasi tukapata abunusi. Sasa samani za makaburi ya Mafarao zilipochunguzwa, ule mti mweusi waliouita *hbny*, ulioletwa kutoka nchi za kusini mwa Misri, ulitambuliwa kuwa *Dalbergia melanoxylon*. Mpingo! Jina lilianza na mti wetu, likasafiri, likavishwa miti ya Asia, kisha likarudi kutuambia kwamba mpingo ni "aina ya" hiyo miti. Kwa hiyo anayesema abunusi kwa mazoea ya pwani simkatalii. Namkatalia anayesema mpingo ni ebony ya daraja la pili.

Viwanda vya Ulaya na Marekani havijawahi kuuona wa daraja la pili. Klarineti na oboi nzuri, zile ala za muziki za kupuliza, hutengenezwa kwa mpingo kwa sababu una mafuta yake ya asili, hausumbuliwi sana na unyevu wa pumzi, na unakubali kutobolewa na kukatwa hesi laini bila kumeguka. Uzuri huohuo ndio adhabu ya fundi. Patasi utainoa mpaka uchoke. Gundi haishiki vizuri kwa sababu ya yale mafuta, hivyo futa kwanza sehemu ya kuunga kwa spiriti. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, vaa barakoa. Kukausha ndiko kugumu zaidi. Ncha za kipande zipakwe nta ili maji yasitoke kwa pupa, na kiwekwe kivulini, kwani jua la siku chache tu linatosha kukipasua hadi katikati. Vinyago vingi vinavyopasuka vikifika nchi za baridi vilichongwa mti ukiwa bado mbichi.

Jina sahihi lina kazi hata kwenye makaratasi. Tangu Januari 2017 jamii yote ya *Dalbergia* inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa kwenye sharti la kibali chake, pamoja na bidhaa nyingine zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo. Ebony ya Kameruni haikuingizwa kwenye orodha hiyo pamoja nao. Ukiandika "ebony" kwenye fomu ya mzigo wa mpingo, umetaja mti mwingine wenye masharti mengine, na afisa forodha ana haki ya kukuuliza. Andika mpingo, na pembeni jina la kitaalamu. Yule wa kitanda naye aandike tu "mbao nyeusi", kitanda chake kinaweza kuwa imara vilevile.