AS, joto la Mombasa na safari ya Iten

Kwenye karatasi ya maabara kuna herufi mbili tu, AS, na kwa hizo herufi mbili dadangu ashaamua mtoto haendi Iten, mji wa wakimbiaji kule milimani. Kijana ana miaka 18, anakimbia mita 800, kaalikwa kempu ya wiki sita huko juu, viatu ashapewa, alafu aliyempima damu (simtaji wala sisemi ni wapi) akamwambia mamake eti huyu ana sikoseli kidogo, asikimbie kimbie. Usiku huohuo simu ikalia, kaka, we si ndo umesomea mambo ya damu na mazoezi, hebu sema na huyu mtoto. Yani alitaka niseme naye mpaka akubali kubaki nyumbani. Mi si daktari wa wodini, mi ni mtu wa fiziolojia, kazi yangu ni kuangalia mwili unafanya nini ukibanwa na joto, kiu au mwinuko, na swali kama hili nimeulizwa na wazazi wa Kisauni na Likoni mara nyingi mpaka nimeona bora niandike tu, mwengine akiuliza nimtumie linki.

Hakuna kitu kinaitwa sikoseli kidogo. Mwenye SS karithi jeni la S kwa baba na kwa mama, huyo ndo mgonjwa wa selimundu, ndo hiyo sikoseli. Mwenye AS karithi S kwa mzazi mmoja na ya kawaida (A) kwa mwengine, ni mbebaji, wengi wanaishi mpaka uzee bila kujijua. Na kile kipimo cha haraka cha kuangalia tu kama chembe zinapinda hakitofautishi hawa wawili, kinasema ipo basi, kwahivo karatasi ya namna hiyo isikutoe roho, taka ilektroforesisi, kipimo kinachotenganisha A na S. Ya mpwa wangu ilikuwa ya ilektroforesisi, AS kweli.

Kosa lenyewe ni dogo mpaka linashangaza. Himoglobini ndo inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, na kwenye mnyororo wake wa beta, asidi amino ya 6 ilitakiwa iwe glutamiki, imekuwa valini. Basi. Vernon Ingram aliliona hilo Cambridge miaka ya 1950. Himoglobini S ikiwa imebeba oksijeni haina neno na mtu, ikishaishusha ndo zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa vijiti virefu, chembe inapinda kama mundu na inakuwa ngumu, haipiti kwenye vimishipa vyembamba.

Lakini haipindi papo hapo, na hapa ndo pa kuelewa. Fikiria unapika uji. Unga ukiwa mchache unakoroga wee na bado ni uji, ongeza unga kidogo tu unaona mwiko unaanza kuwa mzito, ongeza tena ushakuwa ugali. Himoglobini S iko hivo, ikiwa nyingi ndani ya chembe inashika haraka sana, ikiwa chache inachukua muda. Mwenye AS ana S kama asilimia 40, iliyobaki ni ya kawaida, na muda wa kushika ni mrefu kiasi kwamba chembe inashusha oksijeni kwenye misuli, inageuza, inarudi mapafuni kupakia tena kabla vijiti havijajitengeneza. Ndo maana anacheza mpira, anapanda mnazi, anaogelea, haoni kitu. Ugomvi unakuja pale huo muda unapofupishwa, na wafupishaji wanajulikana: oksijeni ikiwa haba, misuli ikimwaga asidi kwa mbio za nguvu, joto, na chembe kupungukiwa maji, manake maji yakipungua ni kama umeongeza unga. Kimoja kimoja mwili unakimudu. Vikija vyote pamoja ndo balaa.

Dadangu akaniuliza, sasa hii kitu imetoka wapi, mbona wale wakimbiaji wa bara hawana? Swali zuri kuliko alivodhani. Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapahapa Kenya, mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu, akakuta wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbu, na huko milimani katikati ni wachache mno. Mwaka 1954 akatoa ushahidi kwamba S inakinga dhidi ya malaria. Watafiti wa Kilifi baadaye wakapima kwa watoto wetu wenyewe, AS inapunguza malaria kali kwa kama asilimia 90. Kwahivo hiyo herufi S si laana ya ukoo wala hasadi ya jirani, mababu zetu walipona kwayo. Sema tu ni damu iliyotengenezwa kwa ajili ya kwenye mbu, na mbio zimehamia mlimani.

Je, mazoezi yanaua wenye AS? Majibu mazuri yametoka jeshi la Marekani, manake kule wana watu wengi wanaokimbizwa kwa amri. Utafiti wa 1987 uliangalia makuruta, ukakuta weusi wenye AS wanakufa ghafla wakati wa mafunzo kama mara 28 kuliko weusi wasio nayo. Namba ya kutisha, na ndo hiyo watu wanaitembeza mpaka leo. Wanachosahau kusema ni kwamba hata hivo walikuwa kama 32 kwa kila makuruta 100,000. Alafu 2016 ukatoka mwengine, wanajeshi weusi 47,944 waliopimwa wote, na hawa wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao. Kilichoonekana ni misuli kuvunjikavunjika kwa mazoezi, inaitwa rabdomayolisisi, hiyo ilizidi kwa asilimia 54, na ukitaka kujua ukubwa wa hatari hiyo, mvuta tumbaku kwenye utafiti huohuo alikuwa palepale. Katikati ya tafiti hizo mbili damu haikubadilika, jeshi ndo lilibadilika, wakaanza kulazimisha maji, mapumziko, na kupunguza kazi joto likizidi. Mimi hapo ndo nasimama: wa kubanwa ni ratiba ya kocha, mtoto mwacheni akimbie.

Joto tunalijua, au tunadhani tunalijua. Machi 24, 2007 nilikuwa nimesimama pale uwanja wa gofu karibu na Likoni, mbio za nyika za dunia. Kenenisa Bekele, aliyechukua zile ndefu miaka mitano mfululizo, raundi ya mwisho akatoka njiani, ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea, na wengine kibao walianguka kama maembe. Watu wakasema jua. Jua lilikuwepo ndio, ila mchawi alikuwa unyevu. Jasho linapoza likikauka, lita moja ikikauka mwilini inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi, na likidondoka chini haliondoki na chochote, umepoteza maji na chumvi bure. Kaskazi ya Machi hewa imeshiba mvuke, jasho litakauka liende wapi? Ndo maana kile kipimo cha joto la mazoezi kilichobuniwa kwa ajili ya wanajeshi wa maji wa Marekani miaka ya 1950 kinakipa kipimajoto chenye kitambaa kibichi uzito wa asilimia 70, joto la kawaida la kivulini linapata 10 tu.

Mwenye AS hapo ana mzigo mwengine wa siri, figo. Ndani kabisa ya figo kuna sehemu oksijeni ni haba, chumvi nyingi, na hapo chembe zake zinapinda hata akiwa amelala, kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, mpaka figo inasahau kubana mkojo. Anakojoa mwingi hata akiwa na kiu. Dadangu akanikatiza, "Ndo manake huyu kila usiku anaamka?" Nikamwambia huenda, na huenda pia ni yale madafu anakunywa saa nne usiku.

Ndo maana nawagombeza vijana wa mpira wa saa kumi na moja Ramadhani, ile ya kuua njaa kabla ya adhana. Ramadhani miaka hii inaangukia kaskazi, hujanywa tangu daku, alafu unapiga mbio za nguvu ufukweni kwenye mchanga. Kachezeni usiku baada ya taraweh, si ndo ligi zenyewe ziko usiku.

Sasa Iten. Iko kama mita 2,400, presha ya hewa ni kama robo tatu ya ya kwetu. Kumbe ndege ikiwa angani hewa ya ndani nayo huachwa ishuke mpaka kiwango kama hicho, kwahivo kila mwenye AS aliyeenda Dubai ashakaa "Iten" masaa, ila alikaa kitako, misuli haidai kitu. Kinachoumia zaidi mwinukoni ni wengu, ambao wengine huuita bandama, damu inapita pale polepole, chembe zinapinda, kipande kinakufa. Ryan Clark, mchezaji wa mpira wa Kimarekani mwenye AS, alicheza Denver 2007, mita 1,600 tu, akaishia kutolewa wengu na kibofu cha nyongo. Mechi ya mchujo ya Denver Januari 2012 kocha wake akamzuia asicheze. Wengi wanapanda bila neno, ila siwezi kujifanya sijui habari hiyo.

Kwahivo nikampigia kocha wa kempu mwenyewe. Mtoto akipanda treni ashukie Nairobi akae siku kadhaa, asiunge siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza mbio za polepole tu, za kukimbia huku unaongea, hakuna vilima vya kukimbizana, hakuna kupimwa muda. Akianza vipande vya mita 200 apumzike kuliko wenzake na yeye ndo aseme tayari. Homa au kuharisha, siku hiyo hakuna mazoezi. Na kocha ajue dalili: aliyekakamaa misuli kwa kawaida, misuli inakaza mpaka inaonekana na jamaa analia, huyu wa kupinda chembe miguu inalegea tu, misuli ni laini, anaongea vizuri, na inaweza kuwa dakika za mwanzo kabisa. Usimwambie jikaze. Mlaze, maji, oksijeni kama ipo, hospitali. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya sturungi, hospitali. Maumivu chini ya mbavu za kushoto, mteremshe, hospitali.

Wenye SS ni habari nyengine, hao mwinuko na mbio za nguvu siwashauri, ila kutembea na mazoezi mepesi kwa uangalizi wa daktari si haramu kama tulivofundishwa, na siku hizi kuna dawa ya haidroksiyurea. Watoto wa Kilifi walikuwa ndani ya utafiti ule wa nchi nne za Afrika uliotoa matokeo mwisho wa 2018, maumivu yakapungua, kuongezwa damu kukapungua, hata malaria ikapungua.

Dadangu alinisikiliza yote haya, nusu saa nzima, alafu akauliza, "Na baridi je?" Nikasema baridi kwa AS si shida kubwa hivo. Haikusaidia. Jumamosi nimepita kwake nimekuta begi limejaa, sweta tatu, blanketi, na kofia ya sufu ambayo sijui hata kaipata wapi hapa Mombasa. Viatu vya mbio vimekosa nafasi, kijana kavifunga nje kwa kamba.