Kuendeleza upya katikati ya mji: maana yake hasa

Kuendeleza upya ni kuchukua eneo ambalo tayari limejengwa na kubadili kwa pamoja matumizi yake, idadi ya watu linaobeba na miundombinu iliyo chini yake. Kuvunja nyumba na kupandisha ghorofa ni sehemu tu ya kazi hiyo, tena ile nyepesi.

Kariakoo, Dar es Salaam, ndipo pa kuonea. Viwanja vilipimwa kwa nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Leo kiwanja kilekile kina fremu za maduka chini, ofisi katikati, fleti juu. Huko ndiko kuchanganya matumizi. Kwa kawaida mwenye kiwanja anatoa ardhi, mwekezaji anatoa fedha, kisha wanagawana sakafu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake, huku ngazi, paa na lifti vikibaki mali ya wote. Mkataba usiposema nani analipia lifti, ikiharibika mara ya pili watu watapanda ngazi.

Kibali cha ujenzi kina hesabu yake. Tuseme kiwanja ni mita za mraba 300, unaruhusiwa kufunika asilimia 60, na jumla ya sakafu zote isizidi mara tatu ya kiwanja. Sakafu moja ni mita 180, zote ni 900: sakafu tano, basi. Anayeongeza ya sita anaiweka juu ya msingi ambao haukupigiwa hesabu yake.

Kosa lisiloonekana kwa nje ni fleti kugeuzwa stoo. Sakafu ya makazi husanifiwa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Belo la mitumba lina kilo 45 hivi. Panga matano juu kwa juu, tayari ni kilo 225 mahali pasipofika mita moja ya mraba. Hatari nyingine ni kuchimba chini ya jengo ambalo watu wanaendelea kufanyia biashara. Mji huu unajua maana ya jengo kuporomoka: mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013; kisha Kariakoo yenyewe, Novemba 2024.

Halafu kuna maji taka, ambayo kwenye picha za kuuzia fleti hayamo. Fleti 30 zenye watu watano kila moja, lita 100 kwa mtu, ni lita 15,000 kwa siku, na sehemu kubwa hurudi kwenye bomba la maji taka. Ndiyo maana mpango wa maana hushika mtaa mzima: mabomba hupanuliwa kwanza, viwanja huunganishwa ili ipatikane sehemu ya kushushia mizigo, ndipo ghorofa zinainuka. Kila mtu akijenga kivyake, chemba hufurika mbele ya fremu ambayo mpangaji wake ameilipia kilemba, yaani fedha za kuingilia mbali na kodi.