Nebula nyeusi ni nini?

Ukiwa mbali na taa za mji, usiku wa mwezi Mei mnamo saa tatu, elekea kusini uitafute Salibu, kundinyota lenye umbo la msalaba. Chini yake kidogo, mkono wa kushoto, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru hafifu ya nyota, ina doa jeusi tii, kana kwamba imetobolewa. Doa hilo huitwa Gunia la Makaa, na aliyelibatiza hakukosea.

Hiyo ndiyo nebula nyeusi: wingu la gesi baridi, hasa hidrojeni, lililochanganyika na vumbi laini kama moshi. Vumbi lenyewe ni kama sehemu moja tu kwa mia ya uzito wote, lakini ndilo linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma. Mwanaastronomia William Herschel, katika karne ya 18, alidhani sehemu za namna hii ni matundu angani. Mmarekani E. E. Barnard alizipiga picha kwa miaka mingi, na mwaka 1919 akachapisha orodha ya madoa 182.

Tunajuaje kwamba ni pazia, si tundu? Nyota za pembeni ndizo zinazotoboa siri. Kadiri unavyoukaribia ukingo wa wingu, nyota hupungua, na zinazobaki huwa nyekundu zaidi, kama jua la magharibi nyuma ya vumbi la barabarani. Vumbi hutawanya nuru ya buluu zaidi kuliko nyekundu. Mawimbi ya infraredi, yaani nuru iliyo nje ya wekundu ambayo macho hayaioni, hupenya vizuri zaidi: wingu la Barnard 68, lililo umbali wa miakanuru 500 hivi, katikati yake halionyeshi nyota hata moja kwa nuru ya kawaida, lakini kamera ya infraredi ikielekezwa hapo, nyota za nyuma zinajitokeza.

Kuna na nyota za ndani, na kwangu hizi ndizo tamu zaidi. Ndani ya mawingu haya baridi hukaribia nyuzi 260 chini ya sifuri, hivyo gesi haina nguvu ya kutosha kupingana na uvutano wake yenyewe; mabonge hujikunja, yakapata joto, nyota ikazaliwa. Katika mawingu ya Rho Ophiuchi, jirani na kundinyota la Nge, picha ya darubini ya James Webb ya mwaka 2023 ilionyesha nyota changa kama 50, nyingine zikiwa bado zimefunikwa na vumbi.

Gunia la Makaa lenyewe limetulia tu. Makaa yake hayajashika moto.