Rangi na umoja wa Tanzania: tunayoyaamini na yaliyotokea

Simama Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, Kariakoo ikiwa mgongoni kwako. Mbele yako ni Kisutu, na mbele zaidi ni bahari. Uwanja huo uliachwa wazi kwa makusudi. Wakoloni walitaka Waafrika wakae upande mmoja na Wahindi upande wa pili, pawe na nafasi tupu katikati. Wazungu walikuwa na eneo lao kando ya bahari. Majina ya mpango ule hayajafutika: Dodoma na Mbeya hadi leo kuna Uzunguni na Uhindini, na Uswahilini utaikuta karibu kila mji. Watoto wanayataja bila kujua yalitoka wapi, na hapo ndipo dhana ya kwanza inapopata nguvu.

"Tanzania hatujawahi kuwa na ubaguzi wa rangi"

Tulikuwa nao, na ulikuwa sheria. Shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha. Mfumo mmoja wa shule ulianza Januari 1962, baada ya Uhuru. Kwenye Baraza la Kutunga Sheria la 1955, viti 30 visivyo vya serikali viligawanywa hivi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu 20. Serikali ya kikoloni iliuita mgawanyo huo usawa.

Ikaja kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, kura yako imeharibika. Na haki ya kupiga kura ilitaka uwe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Wanachama wengi wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, walitaka kususa, na ukijiweka mahali pao utaona walikuwa na haki ya kukasirika. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 nusura ukigawe chama. Mwishowe waliamua kuingia, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuanzisha chama chake cha ANC, akidai Afrika ni ya Waafrika peke yao.

Jambo moja huwa halisemwi vya kutosha. Kwa kuwa kila mpiga kura alichagua wote watatu, mgombea Mhindi au Mzungu hakuweza kupita bila kura za Waafrika. Mtego uliowekewa TANU ukawanasa UTP, chama kilichokuwa kikipendwa na serikali. Waasia Amir Jamal na Sophia Mustafa, na Mzungu Derek Bryceson, waliingia barazani kwa mlango huo, wakiungwa mkono na TANU.

"Mwalimu alisema, watu wakakubali"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawafuta watu waliobishana. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulifika bungeni. Baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walisimama kutaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliwajibu kwa hasira, akawataja Hitler na Verwoerd, kiongozi wa ubaguzi wa Afrika Kusini, na akasema wazi kwamba uraia ukitengwa na utiifu kwa nchi ukaozwa kwa rangi, hatutaishia hapo. Tutaendelea kubaguana kwa mengine. Kisha akaweka serikali yake rehani: muswada ukianguka, wanajiuzulu. Mtu anayekubaliwa na wote hana haja ya kutishia kujiuzulu.

Na hata TANU yenyewe haikuwa imewafungulia mlango wasio Waafrika. Waliruhusiwa kuwa wanachama mwaka 1963. Jamal na Bryceson walikuwa tayari mawaziri katika serikali ya chama ambacho hawakuwa wakiruhusiwa kubeba kadi yake.

Januari 1964 Nyerere alitoa waraka uliosema kwamba katika ajira za serikali raia ni raia, asili yake isitazamwe tena. Viongozi wa wafanyakazi walilalamika. Wiki mbili baadaye askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Waraka haukuwa sababu pekee, kwani mishahara ilikuwa duni na maofisa walikuwa bado Waingereza, lakini mjini Dar es Salaam maduka ya Wahindi na Waarabu yalivunjwa na kuporwa, na watu waliuawa. Hiyo ni nchi ileile tunayoambiwa ilizaliwa ikiwa tulivu.

Ila mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo napenda vijana walijue. Katika uchaguzi wa 1965, wagombea wawili wa TANU walishindana karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Jamal huko Morogoro na Bryceson huko Dar es Salaam waliwashinda wapinzani Waafrika, kwa kura za Waafrika. Safari hiyo hakuna sheria iliyomlazimisha mpiga kura kuchagua rangi yoyote.

"Kiswahili ndicho kilichotuunganisha"

Kimesaidia, tena sana. Lakini anayeamini lugha inatosha aiangalie Zanzibar. Hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, dini ya walio wengi ilikuwa moja, na watu walikuwa wameoana vizazi kwa vizazi. Ikaja ile miaka wazee wanayoiita zama za siasa. Wafuasi wa vyama viwili hasimu, Hizbu na Afro-Shirazi, walisusiana maduka, wakasusiana hata mazishi. Juni 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Waliouana walielewana kila neno.

"Wahindi ni wapita njia"

Kwanza, Wahindi gani? Kuna Maismailia, Mabohora, Maithnaasheri, Wahindu, Masingasinga, Wagoa. Kuna Wabaluchi wa Rujewa, Usangu, ambao hata si Wahindi. Kuwaita wote jina moja ni sawa na kumwita Mhaya Mmakonde.

Ni kweli kwamba wengi walisitasita. Mtu aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa alikuwa raia mara moja. Waliobaki walipewa miaka miwili kuomba, na uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa. Kuna waliong'ang'ania pasipoti ya Uingereza, na majirani wao hawakusahau. Manung'uniko juu ya utajiri nayo hayakutoka hewani: mkoloni alikuwa amewapa wengine nafasi ya biashara na wengine jembe.

Lakini mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa za Msajili wa Majumba, shirika la serikali. Sheria haikutaja rangi popote. Walioguswa, hata hivyo, walikuwa zaidi Waasia, wakiwemo waliokuwa wamechukua uraia kwa moyo mmoja, na maelfu wakahama. Waziri wa Fedha mwaka huo alikuwa Jamal. Naamini kutaifisha kulikuwa na hoja zake. Naamini pia kwamba ukimpokonya mtu nyumba kisha ukamlaumu kwa kuondoka, humtendei haki.

"Sheria ilishamaliza kazi"

Mwaka juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali, Tanga. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye asili ya Kihindi, koti la kaki, bahasha ya plastiki imejaa vyeti. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani hasa, mimi mwenyewe siwezi kukifikia. Alitoa cheti chake cha kuzaliwa, akatoa cha baba yake. Karani, binti wa umri wa mjukuu wake, akamwambia kwa upole, "Shikamoo babu, lakini tunahitaji na cha babu yako." Mzee akaeleza kwamba babu yake alizaliwa Pangani enzi za Mjerumani, karatasi hiyo hana wa kumpa. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akakusanya vyeti vyake kimoja kimoja, akashukuru, akaondoka.

Zamu yangu ikafika. Karani alitazama cheti changu mara moja, akagonga mhuri. Babu yangu alivuka Ruvuma akitokea Msumbiji kuja kukata mkonge kama manamba. Hakuna aliyeniuliza habari zake.