Taytu Betul hakuwa "nyuma" ya Menelik

Kila ninapofundisha vita vya Adwa, ambako Ethiopia iliishinda Italia, hatokosekana mwanafunzi wa kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba Taytu, mke wa Mfalme Menelik II, alikuwa mwanamke shupavu aliyesimama nyuma ya mumewe. Anadhani amemsifu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, hata kutoka kwa watu waliokwisha kusoma mambo yanayoipinga, na sasa naona afadhali niijibu kwa maandishi. Zipo dhana nyingine, lakini hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Dhana: Taytu alimfuata Menelik vitani ili kumwombea, kusimamia mapishi na kumtia moyo

Anayetaka kumwelewa Taytu asianzie Adwa. Aanzie Wuchale. Shauri hili nalitoa kila muhula na kila muhula linapuuzwa, kwa sababu vita vinavutia kuliko mikataba.

Mkataba wa Wuchale, kati ya Ethiopia na Italia, ulitiwa saini Mei 1889. Kifungu cha 17, katika nakala ya Kiamhari, kilimpa Menelik hiari ya kupitia serikali ya Italia anapowasiliana na mataifa ya Ulaya. Nakala ya Kiitaliano ilimfunga afanye hivyo, na Italia ikautangazia ulimwengu kuwa Ethiopia ni nchi lindwa yake. Mjumbe wao, Pietro Antonelli, alipokuja kutetea kifungu hicho, Taytu alikuwemo kwenye mazungumzo, tena akizungumza. Antonelli mwenyewe ndiye aliyeripoti majibu yake: kwamba kama Italia ina heshima ya kulinda, Ethiopia nayo inayo, na kwamba kuonyeshwa mbele ya mataifa mengine kama nchi iliyo chini ya Italia ni jambo lisilowezekana kabisa. Hayo ni maneno yaliyohifadhiwa na upande wa pili, usio na sababu ya kumpamba. Antonelli aliondoka mwaka 1891 bila alichokitaka, na mwaka 1893 Menelik akaukana mkataba wote.

Majeshi yalipoelekea kaskazini mwaka 1895, Taytu alikwenda na jeshi lake. Nasisitiza neno "lake". Katika Ethiopia ya wakati ule, mwenye ardhi na watu ndiye aliyetoa askari, na Taytu, binti wa ukoo uliotawala Semien, alikuwa na ardhi, watu na makamanda waliomtii yeye.

Kisha tazama Mekelle, Januari 1896. Meja Galliano wa Italia alikuwa amejifungia katika ngome ya Enda Yesus akiwa na askari zaidi ya 1,000. Waethiopia waliishambulia mara kadhaa wakapoteza watu wengi bila kuingia. Aliyependekeza kuacha kupambana na kuta na badala yake kukamata chemchemi iliyokuwa chini ya ngome ni Taytu, na askari wake wakaishika. Kiu ikafanya kazi ambayo mizinga haikuweza. Kabla mwezi haujaisha Galliano alisalimu amri, na Menelik akamruhusu aondoke na watu wake. Huo ni uamuzi wa kivita, wenye shabaha na matokeo yanayoonekana. Sijui mtu anaupangaje chini ya kichwa cha "kumtia moyo mume".

Adwa yenyewe, tarehe 1 Machi 1896, aliwapanga maelfu ya wanawake waliokuwa kambini wawapelekee wapiganaji maji kwa mitungi na kuwahudumia majeruhi, naye akiwa uwanjani, si ikulu.

Hapo ndipo mwanafunzi husema: "Lakini mwalimu, si kweli alisimamia chakula?" Kweli. Tena nashangaa kwa nini jambo hilo huletwa kama hoja ya kumpunguza. Jeshi la Ethiopia lilikuwa karibu watu 100,000, limekaa wiki kadhaa katika eneo ambalo limekwisha kuliwa. Jenerali Baratieri, kamanda wa Waitaliano, alikuwa akisubiri njaa ilitawanye. Akiba yake naye ilikuwa ikiisha, na shinikizo kutoka Roma likazidi, ndiyo maana akasonga mbele usiku wa kuamkia vita akiwa na watu wasiozidi 20,000 na kuangamia. Vita vya Adwa viliamuliwa kwa sehemu kubwa na nani angeweza kukaa siku chache zaidi bila kufa njaa. Anayelisha jeshi katika hali hiyo yumo katikati ya vita.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu; kila aya hapa chini inaanza na dhana, kisha jibu langu.

Menelik ndiye aliyechagua mahali pa Addis Ababa. Makao yalikuwa juu Entoto, penye baridi na uhaba wa kuni. Taytu alipenda kushuka kwenye chemchemi za maji moto za Filwoha, akaomba nyumba ijengwe huko, na mwaka 1886 mji ukaanza kuota kuizunguka. Jina la mji pia alilitoa yeye.

Alimtawala mume dhaifu. Menelik hakuwa dhaifu. Aliipanua dola yake kuliko mtawala yeyote wa Ethiopia wa karne hiyo. Wawili hao waligawana kazi. Menelik alipenda kumwacha mgeni na matumaini, Taytu akatamka "hapana" waziwazi. Wajumbe wa Ulaya waliokataliwa walimchukia mke, nasi tumeirithi chuki yao tukaiita historia.

Alikuwa mtetezi wa haki za wanawake. Hii inatoka kwa wapenzi wake, na nayo siikubali. Taytu alikuwa mhafidhina, mwana wa Kanisa la Orthodox na mlinzi wa tabaka lake. Aliyoyafanya yanatosha bila kumvika mawazo ya karne yetu.

Baada ya Menelik kuugua alijistaafisha ili amuuguze. Hakujistaafisha. Menelik alipopooza, Taytu ndiye aliyeendesha nchi, akateua na kufukuza watu. Machi 1910 wakuu wa Shewa, jimbo la Menelik, waliungana wakamwondoa, na amri waliyompa ilikuwa abaki na kazi ya kumhudumia mgonjwa. Kwa hiyo kama kweli kuna wakati aliwekwa nyuma ya mumewe, ni huo, na aliwekwa kwa nguvu.

Malkia Zewditu alikuwa binti wa Taytu. Zewditu, binti wa Menelik, alizaliwa mwaka 1876, miaka 7 kabla ya Taytu kuolewa na Menelik, na mama yake ni mwingine. Taytu hakuacha mtoto. Kilichowaunganisha ni ndoa: Zewditu aliolewa na Gugsa Welle, mtoto wa kaka yake Taytu. Zewditu alipotangazwa malkia mwaka 1916, wakuu walimlazimisha aachane na Gugsa, wakampeleka akatawale Begemder, mbali na ikulu, wakihofia ukoo wa Taytu usirudi na kushika hatamu. Menelik alikwisha kufa tangu Desemba 1913, na Taytu mwenyewe alikuwa mjane asiye na cheo, akiishi Entoto.